Kisu cha Kukunja Hakirushwi

Visu vya kukunja vya bei kubwa haviuawi na kazi. Kisu kilichokata kamba, ngozi na matawi kwa miaka kumi kinaweza kuwa na mikwaruzo mwili mzima na viungo vyake bado vimekaza. Kinachovimaliza ni mchezo, yaani kuvifungua na kuvifunga kwa mbwembwe kutwa nzima ili mlio usikike na watu wageuke. Kisa cha kijana mmoja wa Boise kinaonyesha uharibifu huo hatua kwa hatua. Jina lake nitaliacha, maana kidole chake kimeshamtangaza vya kutosha.

Boise ni mji mkuu wa jimbo la Idaho, magharibi mwa Marekani. Wakimbizi kutoka Kongo wamepokelewa huko kwa wingi, na Kiswahili ni lugha inayosikika mjini. Kijana wetu ni mmoja wao: wazazi wa Uvira, utoto kambini Nyarugusu mkoani Kigoma, ujana kwenye theluji. Alipata kazi katika shamba la ng'ombe wa maziwa nje ya mji, na kazi ile haifanyiki bila kisu mfukoni. Marobota ya nyasi kavu hufungwa kwa kamba za plastiki, na kila alfajiri kamba hizo lazima zikatwe kabla ng'ombe hawajala.

Bosi wake, mzee wa Kizungu mwenye ng'ombe wengi na maneno machache, alimpa kisu msimu ulipoisha. Hakikuwa kipya. Kilikuwa Sebenza 21, kile kikubwa cha bapa la sentimita tisa na ushee, ambacho mzee alikinunua kwa zaidi ya dola 400 enzi ambazo magoti yake yalikuwa bado yanakubali kupanda milima kuwinda. Mpini wa titani wa rangi ya kijivu, kamba fupi ya ngozi kitakoni, na kichomozo kidogo cha bluu ubavuni mwa bapa, cha kusukumia kwa dole gumba. Waswahili husema mtoto akililia wembe, mpe. Huyu hata hakulia.

Kabla hajakiachia, mzee alimtaka akifungue. Kijana alikikamata kwa nguvu, vidole vikiwa vimekandamiza ubavu wa mpini, akasukuma kichomozo kwa dole gumba. Bapa halikutoka. Akaongeza nguvu, dole gumba likawa jeupe. Bado. Mzee akacheka kidogo, akamgusa vidole vile vya ubavuni. "Unafungua kwa kidole kimoja," alimwambia, "na unafunga kwa vingine vyote."

Hapo ndipo wengi wanapokwama na visu vya aina hii, kwa hiyo tukae hapo kidogo. Ubavu mmoja wa mpini umechanjwa kwa msumeno hadi kipande chake kirefu kimebaki kimeshikilia upande mmoja tu, na kipande hicho hujipinda kuelekea ndani. Tukiite ulimi. Bapa likifunguka hadi mwisho, ulimi huingia nyuma ya shina lake na kulizuia lisirudi. Hilo ndilo kufuli. Bapa likiwa limekunjwa, ulimi uleule huliegemea kwa pembeni, na kwenye uso wake kuna gololi ndogo ambayo huzama katika kitundu kwenye bapa, ndiyo maana kisu hakifunguki chenyewe mfukoni. Sasa mtu wa mkono wa kulia akikishika kisu, ncha za vidole vyake huangukia juu ya ulimi huo. Anavyokaza mkono ndivyo anavyoisukuma gololi ndani ya kitundu chake. Anayedhani kisu ni kigumu kumbe anashindana na mkono wake mwenyewe, na akishindwa huanza kutafuta nguvu za ziada za kifundo cha mkono.

Dawa yake ni ndogo. Vidole visogee vikamate kingo za mpini na sehemu isiyochanjwa, ulimi ubaki huru. Nyama ya dole gumba, wala si ukucha, ikae ubavuni mwa kichomozo, na msukumo wa kwanza uende nje, mbali na mpini, kabla ya kupanda juu. Gololi ikishatoka kitunduni, nguvu haihitajiki tena: dole gumba linalisindikiza bapa kwa mzunguko wa nusu duara hadi lifike kituo, ulimi unaingia mahali pake na mlio mdogo, mkavu. Kufunga ni kinyume chake, ila kuna hatari zaidi, maana dole gumba linalousukuma ulimi pembeni limesimama hasa kwenye njia ambayo makali yatapita yakirudi. Ulimi usukumwe kiasi cha kuliachia bapa tu. Bapa likunjwe kidogo kwa mkono wa pili. Dole gumba litolewe njiani. Ndipo kisu kifungwe mpaka mwisho. Mzee alimfanyisha hivyo nyuma ya pikapu yake, mara tatu nne, akaridhika, akaenda zake.

Aliyeunda kufuli la namna hii ni Chris Reeve, mzaliwa wa Afrika Kusini, aliyelibuni mwaka 1987. Mwaka 1989 alihamia Boise na karakana yake, na visu vyake, Sebenza kikiwemo, vimekuwa vikitengenezwa hapo tangu wakati huo, kwa hiyo kijana alikuwa amepewa kisu cha mtaani kwake. Kabla ya Reeve, fundi wa Marekani aitwaye Michael Walker alikuwa ametengeneza kufuli linalotumia bati jembamba lililofichwa ndani ya mpini. Reeve aliliondoa bati akaufanya mpini wenyewe uifanye kazi hiyo, na unene wa mpini ndio uliolipa kufuli lake nguvu. Kizuri kingine ni kwamba mkono unapokikaza kisu wakati wa kukata, unausukuma ulimi uzidi kukaa mahali pake.

Ila jambo moja mnunuzi halioni kwa macho. Mpini ni wa titani iliyochanganywa na aluminiamu na vanadiamu, nyepesi, haishiki kutu, inarudi vizuri ikipindwa. Bapa ni la chuma kiitwacho S35VN, kilichotayarishwa na kiwanda cha Crucible kwa kushirikiana na Reeve huyohuyo, na kikishapikwa motoni hufikia ugumu wa 59 hadi 60 kwa kipimo cha Rockwell. Chuma hicho ni kigumu kuliko titani. Uso wa ulimi huchomwa kwa moto ili ukomae, lakini bado, vitu hivi viwili vikigongana, titani ndiyo inayoliwa. Mtengenezaji analijua hilo. Ndiyo maana shina la bapa limekatwa kwa mshazari: ulimi ukiliwa kidogo, unasogea mbele kidogo na bado unabana. Kuna akiba ya kuliwa ya miaka mingi sana hapo, kwa mtu anayefungua kisu ili akate kitu.

Kijana alikuwa na simu. Kwenye simu kulikuwa na video za watu wanaofungua visu kwa kutikisa kifundo cha mkono, bapa likitoka kwa kishindo kabla jicho halijafuata. Alijaribu, ikakubali. Akajaribu kwa kidole cha kati kutoka upande wa nyuma. Ikakubali. Akajaribu kushika kichomozo na kuurusha mpini, kisu kikamtoka kikatua kwenye theluji sentimita chache kutoka kiatuni, na hilo likamfundisha asirudie mtindo huo, basi. Jumapili baada ya ibada vijana wenzake walimzunguka kwenye maegesho ya magari. Klak. Funga. Klak. Ndani ya basi la wafanyakazi, klak. Akiongea na simu, mkono wa pili, klak.

Palikuwa na mzee mmoja wa Bukavu, fundi wa saa na redio huko kwao, ambaye siku hizi anaendesha mashine za kuchongea vyuma katika karakana moja ya Nampa, si mbali na Boise. Aliusikia mlio ule kabla hajakiona kisu.

"Jambo, Papa," kijana alimsalimia.

"Jambo, mwanangu. Hicho kitu kinalia hivyo kwa nini?"

"Ndivyo kinavyofunguka, Papa. Haraka."

"Haraka ya kwenda wapi?"

Vijana wakacheka, na kijana naye akacheka, na mzee akaondoka. Sidhani alikosea kuondoka. Ukimkatalia kijana mchezo mbele ya wenzake unamwongezea hamu tu.

Kinachotokea ndani ya kisu wakati wa klak ni hiki. Bapa linalosindikizwa na dole gumba hufika kituoni likiwa na mwendo mdogo. Linalorushwa hufika na kasi yake yote, na kitu pekee cha kulisimamisha ni pini nyembamba ya chuma, kisha ulimi unaoruka kuingia nyuma yake kwa kishindo uende mbali kuliko kawaida. Kila mrusho unaifinya titani kidogo. Ule mshazari uliowekwa uliwe kwa miaka kijana aliula kwa msimu mmoja wa baridi. Mtengenezaji mwenyewe huwaonya wateja wasifungue visu vyake kwa kurusha, na onyo hilo halikuandikwa kwa sababu kisu ni dhaifu. Kurusha ni matumizi ambayo kisu hakikuundiwa.

Naomba nisieleweke vibaya. Viko visu vilivyoundwa vifunguke haraka: vina kipembe kinachochomoza nyuma ya mpini, unakivuta kwa kidole cha shahada, na bapa linazunguka juu ya gololi ndogondogo badala ya pete bapa ziitwazo washa. Viko vya springi pia. Hivyo mwendo wake umepigiwa hesabu. Hata hivyo hesabu hiyo ni ya nguvu ya kidole kimoja, na anayeongezea kifundo cha mkono juu yake anarudi kulekule. Mwenye kisu inampasa kwanza ajue ameshika kisu gani.

Mnamo Desemba dalili zikaanza. Ya kwanza ilikuwa ulimi kung'ang'ania: ulizama sana nyuma ya shina ukawa hautoki kwa dole gumba bila kuumiza ngozi. Ya pili, bapa likawa linacheza kidogo, juu na chini, ukilishika nchani. Fundi angesoma dalili hizo mbili kwa pamoja akasimama. Kijana alisoma moja tu, ile ya ung'ang'anizi, akaamua kisu kinataka mafuta, akaenda jikoni.

Mafuta ya kupikia hayafai kwa chombo chochote chenye kiungo. Yakikaa na hewa hukauka taratibu yakawa utomvu, na kabla hayajakauka hukusanya kila kinachopita. Kwenye shamba la ng'ombe kinachopita ni vumbi la nyasi, unga wa chakula na vitu vingine visivyopendeza kuvitaja. Tena aliyapaka hadi kwenye uso wa ulimi, mahali pekee ndani ya kisu panapotakiwa kuwa pakavu na safi, kwa sababu kufuli lile linashika kwa kubanana. Baada ya wiki moja kisu kilifunguka kwa uzito, na ulimi mara nyingine uliishia njiani, umeshika ukingo wa shina tu. Kwa bapa lililofunguliwa polepole, mtu mwenye macho angeliona hilo. Yeye alikuwa anarusha.

Basi akakifungua skrubu. Hapa nina huruma naye, kwa sababu Sebenza ni kati ya visu vichache ambavyo mtengenezaji anataka mwenyewe avifungue na kuvisafisha: kipya huuzwa na ufunguo mdogo wa pembe sita, grisi, na gundi ya kuzuia skrubu zisilegee. Lakini vitu hivyo vilibaki kwa bosi, droo fulani, tangu zamani. Kijana alitumia ufunguo wa duka la baiskeli uliokaribia kuenea. Skrubu ya kwanza ikatoka. Ya pili ikaliwa pembe kabla haijatoka. Na kazi yenyewe aliifanya akiwa amekaa kitandani, kisu juu ya goti, chini zulia.

Katikati ya bapa na kila ubavu wa mpini kuna washa moja ya shaba, pana, nyembamba kuliko ukucha, yenye vitundu vinavyotunza grisi. Pini ya katikati imezungushiwa kijibomba cha chuma kilichosagwa kwa kipimo hivi kwamba skrubu ikikazwa mpaka mwisho bapa linabaki huru, bila kubana wala kuyumba. Kila kitu kimepangiwa unene wake. Washa moja ilidondoka, ikabiringika, ikaingia kusikojulikana. Aliitafuta kwa tochi ya simu. Alipochoka alikata nyingine kwa mkasi kutoka kwenye kopo la soda, akaipachika, akakaza. Bapa likasimama upande, likawa linausugua mpini. Likifunguliwa, ulimi haukukutana tena na shina uso kwa uso. Ulikutana na kona yake.

Na makali? Makali yalikuwa yamekwisha siku nyingi. Kamba za plastiki zinakula makali, maboksi yanakula zaidi, na kijana hakuwa na jiwe la kunolea. Alikipeleka kwenye gurudumu la umeme la karakana ya shamba, lile la kunolea sululu na kukatia vyuma. Cheche zikaruka vizuri sana. Makali ya kisu cha namna ile ni membamba kiasi kwamba joto la gurudumu halina pa kwenda; ncha hupata moto kupita kiasi kabla mkono haujahisi lolote kwenye mpini, na ugumu uliopikwa kiwandani kwa uangalifu unaondoka kwa sekunde. Alitoka na kisu kinachong'aa, chenye makali ya mawimbi na ncha ya mviringo. Siku ile kilikata. Kesho yake hakikukata.

Hivyo Januari ilimkuta na kisu kilichobomoka kila mahali isipokuwa sura. Ilikuwa alfajiri, baridi chini ya sifuri, glavu nene. Alilipitisha bapa chini ya kamba ya robota na kuvuta. Kisu kikali kingeikata kamba hiyo kwa mvuto mmoja. Hiki kiliingia nusu kikakwama, kamba iliyoganda barafu ikakibana dhidi ya robota. Alivuta tena, hakikutoka. Ndipo akafanya lile ambalo hata mwenye kisu kizima hatakiwi kulifanya: alikisukuma kinyume, kuelekea mgongo wa bapa, ili akikwamue. Nguvu yote ya mkono wake ikaenda kwenye kufuli. Ulimi uliokuwa umesimama kwenye kona ya shina, juu ya utomvu wa mafuta ya kupikia, ukateleza. Bapa likajikunja juu ya kidole cha shahada, likapita glavu.

Makali butu hayakati vizuri, yanararua. Alishonwa, akaambiwa mshipa unaokunja kidole umeguswa, akakaa nyumbani wiki kadhaa. Kidole kimepona, kiungo chake cha juu hakikunjiki sawasawa hadi leo. Bosi alimtembelea na chungu cha supu, akakitazama kisu juu ya meza, akakigeuza mara moja, akakirudisha. Hakusema neno. Kijana anasema angependa kama angesema.

Mzee wa Bukavu ndiye aliyekichukua. Alikifungulia juu ya taulo jeupe lililotandazwa kwenye sinia yenye ukingo, ili kitakachodondoka kisiende popote. Alimkalisha kijana kando yake, mkono umefungwa bandeji.

"Ni nini hii, mwanangu?"

"Washa, Papa."

"Hii?"

"Kopo."

"Kopo," mzee alirudia, akaiweka pembeni peke yake.

Vipande vyote alivitia kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya vyombo, akavisugua kwa mswaki mzee, akavisuuza, akavikausha kabisa, pamoja na vitundu vya skrubu ambamo maji hupenda kujificha. Utomvu uliogoma kutoka aliufuta kwa spiriti. Uso wa ulimi na shina aliufuta hadi kitambaa kikatoka cheupe, na hapo hakurudisha mafuta yoyote. Washa mpya aliziagiza. Zilipofika alizipaka grisi kidogo sana, kiasi cha kuzifanya zing'ae tu, maana grisi inayofurika nje ya kiungo ni mtego wa vumbi. Kwa siku za kawaida alimwambia atumie tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kiungo, na kama kisu kinakata matunda au nyama basi mafuta ya parafini yanayouzwa duka la dawa kwa ajili ya kunywewa, kwa sababu hayo hayamdhuru mlaji wala hayaozi. Zile dawa za kupuliza za kulegeza kutu aliziita dawa za kufungulia vilivyokwama, akasema kisu kinachotunzwa hakikwami.

Chuma cha S35VN kina kromiamu karibu asilimia 14, kwa hiyo kinastahimili kutu. Lakini kinga yake si kamili. Jasho la mfukoni, chumvi, maji ya limau na ya kitunguu yakiachwa usiku kucha yanaweza kuacha madoa, na madoa huanzia kwenye makali yenyewe, yasipoonekana. Kitambaa kikavu kabla ya kukunja kinatosha. Mfuko nao una pamba yake, ile nyuzinyuzi inayojikusanya pembeni. Hiyo hutolewa kwa kijiti kila inapoonekana ndani ya mpini.

Kunoa ndiko kulikochukua jioni nyingi. Ndani ya chuma hicho mna chembe za vanadiamu na niobiamu zilizoungana na kaboni, na za vanadiamu ni ngumu kuliko mawe mengi ya kunolea ya kawaida, kwa hiyo mzee alitumia vibao vya almasi, kutoka chenye chembe kubwa hadi laini, digrii kama 18 kila upande. Hakubonyeza. Alilipitisha bapa, akalipitisha, akawa anasimulia habari za saa za ukutani za Bukavu huku chuma kilichoungua kikiondoka unyoya kwa unyoya mpaka kikafikiwa kile kisichoguswa na moto. Bapa limepungua upana. Kwa jicho la mgeni halionekani. Baada ya hapo kazi ni ndogo: ukigusia makali kwenye kibao laini mara kwa mara yakiwa bado yanakata, hutahitaji kurudi kwenye chenye chembe kubwa. Wanaongoja mpaka kisu kishindwe kukata nyanya ndio wanaokula chuma chao.

Ulimi ulibaki umesogea. Hilo halina dawa ya mezani, na mzee hakujifanya kuwa nalo. Kazi ya namna hiyo ni ya waliokitengeneza. Alilijaribu kufuli kwa kugonga mgongo wa bapa kidogo kwenye kitabu, likashika, akasema linatosha kwa anayejua kwamba kufuli lisitegemewe. Kisha akakifungia kisu ndani ya droo yake.

Badala yake alimpa Opinel namba 8. Ni kisu cha Kifaransa cha bei ya mlo mmoja hotelini, cha ukoo wa Joseph Opinel wa Savoie ambaye alianza kuvitengeneza mwaka 1890. Mpini wa mti, bapa lenye mfereji wa ukucha, na pete ya chuma shingoni, iliyoongezwa mwaka 1955, ambayo huzungushwa kwa mkono ili bapa lisijikunje. Hakina namna ya kurushwa. Kinafunguliwa kwa mikono miwili: ukucha kwenye mfereji, vuta, zungusha pete. Kukifunga, rudisha pete kwanza, halafu kunja. Mpini ukilowana mti unavimba na bapa linakwama; wenyeji wa kule hugonga kitako cha mpini ukingoni mwa meza na bapa hujitokeza lenyewe kiasi cha kushikika. Kijana alikiona cha kizee, akaambiwa akitumie hadi mikono yake isahau ilichojifunza kwenye simu.

Kando na hayo, neno moja kwa wenye ndugu nje, maana kijana ana mdogo wake London ambaye aliomba atumiwe kile cha titani "kama hakitakiwi". Uingereza kisu kidogo cha mfukoni kinaruhusiwa kubebwa kama kinakunjika na bapa lake halizidi inchi tatu, lakini tangu hukumu ya mwaka 1993 kisu chenye kufuli hakihesabiwi kuwa kisu cha kukunja, hata kiwe kidogo namna gani, na anayekibeba hadharani bila sababu nzuri anakosa. Kisu ambacho Idaho ni zana ya shambani, London kinaweza kumfikisha mtu mahakamani. Na kwenye ndege kiwekwe ndani ya sanduku linalokwenda tumboni mwa ndege. Begi la mkononi ni kukigawa bure kwa wakaguzi.

Machi theluji ilipoanza kuyeyuka mzee aliivuta droo.

"Fungua."

Kijana alikamata kingo za mpini, akauacha ulimi huru, akasukuma nje kisha juu. Bapa likaja taratibu, ulimi ukaingia kwa mlio mdogo. Mzee akainama kuangalia ulimi ulipoishia, akaguna kwa kuridhika.

"Funga."

Dole gumba likausukuma ulimi, mkono wa pili ukaanza kulikunja bapa.

"Simama hapo hapo. Dole gumba lako liko wapi?"

Kijana akatazama. Lilikuwa bado njiani.

"Opinel unayo mfukoni?"

"Ninayo, Papa."

"Endelea nayo," mzee alisema, akanyoosha mkono arudishiwe kile kingine.